Muulize Phelesia

Linet Awuor alikuwa mtu wa kinyaa, na hakuona haya kusema. Hakunywa kwa kikombe cha mtu. Hakula mandazi yaliyofungwa kwa gazeti. Kila asubuhi, kabla ya kukalia kiti chake cha karani wa kumbukumbu katika zahanati ndogo ya ufuoni Kisegi, alipangusa kibodi kwa pamba na spiriti, herufi moja moja, mpaka wenzake wakawa wanamkalia kitako kumcheka.

"Huyu Linet ataosha hata sabuni," alisema Phelesia, mhudumu wa afya wa kijiji, mama wa makamo aliyekuwa akipita zahanatini kila siku na mwavuli wake na habari za nyumba zote.

Linet alicheka naye. Lakini jamani, kuna kinyaa cha vitu na kuna kinyaa cha watu, na hicho cha pili hakina spiriti yake. Aliyemtia Linet hicho cha pili alikuwa Javan.

Javan alikuwa afisa wa kompyuta wa Bega kwa Bega, mradi uliogawa kompyuta kwa zahanati za Homa Bay na Migori. Ofisi yake ilikuwa mjini Homa Bay. Ukimwona kwa mbali utamsifu: shati jeupe, kiatu cheusi kinachong'aa, kalamu mbili mfukoni. Mkaribie sasa. Alilamba kidole kabla ya kufungua ukurasa, na mazoea yakamzidi, akawa analamba hata kabla ya kugusa kioo cha kompyuta. Flashi yake aliitunza ndani ya soksi, na kifuniko chake alikitafuna akiwa anafikiri, kikabaki na alama za meno kama mfupa ulioachwa na mbwa. Akija Kisegi kukagua mashine, alikula samaki wa kukaanga juu ya kibodi ya Linet, kisha akaondoka akiacha miiba katikati ya herufi.

Haya, uchafu wa mikono unavumilika. Wangapi wachafu na roho zao safi? Ya Javan yalikuwa mengine, na yalianza kwa jambo jema.

Watu wa ufuoni hufuata omena, dagaa wa ziwani. Omena ikiwa Kisegi wako Kisegi. Ikihamia visiwani nao wanahama na masufuria na watoto. Na mama wa Kijaluo hana jina moja. Amezaliwa usiku, basi ni Atieno. Amebatizwa, basi ni Celestine. Ameolewa mbali na kwao, basi wakwe wanamwita Nyar Karungu, binti wa Karungu. Amejifungua, sasa ni Min Byron, mama yake Byron. Akifika dirisha la zahanati anataja jina lolote linalomjia siku hiyo, wala hadanganyi, yote ni yake. Kwa hiyo mtu mmoja anakuwa na kadi nne, moja inasema ana presha, nyingine inasema ni mzima kama jiwe. Kuna mama aliyepewa dawa ya presha ufuo huu, akapewa tena ufuo ule kwa jina jingine, akazimeza zote kwa utiifu, akaanguka sokoni katikati ya nyanya. Linet ndiye aliyemshika kichwa. Hakusahau.

Basi akaketi na laptopu yake kuukuu, akaandika programu. Chuoni alifundishwa kidogo, mengine alijifundisha kwa simu. Programu ilisoma kadi zote, ikalinganisha mwaka wa kuzaliwa, kijiji, jina la baba na majina ya watoto. Ikiona kadi mbili zinafanana, ilifungua kidirisha na kuuliza: *Je, hawa ni mtu mmoja? Ndiyo. Hapana.* Na chini yake Linet akaongeza mstari wa kwao kabisa: *Kama huna hakika, muulize Phelesia.* Kwa sababu ufuo mzima ule hapakuwa na mwanamke ambaye Phelesia hakumjua, yeye, wake wenza wake na zahanati aliyoikimbia.

Shida ilikuwa moja. Programu iliandikwa kwa lugha ya Python, na kompyuta peke yake haielewi Python. Lazima mkalimani awekwe ndani kwanza, akae humo, awe anaisomea neno kwa neno. Katika laptopu ya Linet mkalimani alikuwemo. Katika kompyuta ya mradi hakuwemo, na huwezi kumweka bila neno la siri, na neno la siri liko kwa Javan. Kuzihamishia kadi kwenye laptopu yake nako hakukuruhusiwa, majina ya wagonjwa hayatoki nje ya zahanati. Sheria hiyo Linet aliiheshimu kwa moyo wote.

Akampigia Javan. "Afisa, naomba uniwekee Python. Ni ya bure, na haina kazi nyingi."

"Dada yangu, sera ni sera. Leo utaweka hiyo, kesho mtaweka sinema."

"Basi njoo uikague kwanza."

"Nitakuja."

Alikuja siku ya samaki. Alikula, akalamba vidole, akajifanya anaandika neno la siri, kisha akasema limekataa. Linet alikuwa amesimama nyuma yake. Aliona mwenyewe kwamba hakugusa kitufe hata kimoja. Moyo ulimchafuka, akatoka nje akajifanya anaanua pazia.

Mtu mwingine angekata tamaa. Linet akatafuta, akagundua kwamba si lazima mkalimani akae ndani ya kompyuta. Unaweza kumfunga pamoja na programu yake, na kila anachohitaji, katika faili moja. Faili hilo haliwekwi popote. Unalibofya mara mbili, linafanya kazi yake, ukilifunga limetoka. Mgeni njoo mwenyeji apone, wahenga walisema, lakini huyu alikuwa bora zaidi: mgeni anayekuja na kitanda chake, sufuria yake na maji yake ya kuoga, asiulize hata chumvi iko wapi. Majaribio ya kwanza yalikwama, faili lilifunguka na kuzimika palepale. Linet akanuna, akarudia, akanuna tena. Mwishowe likakubali.

Asubuhi alilileta zahanatini kwa flashi mpya iliyopanguswa. Alipolibofya, kompyuta ikanung'unika kwa Kiingereza chake kwamba mtengenezaji wa kitu hiki hajulikani, je, unataka kuendelea? Linet akaendelea. Kidirisha kikafunguka. Kadi mbili za kwanza zikajitokeza, na Phelesia akavaa miwani akainama kusoma.

"Yawa! Huyu si Min Byron? Na huyu pia ni Min Byron. Na yule wa chini aliyejiita Celestine ni Min Byron huyohuyo, wakati ule amekosana na mume." Akacheka mpaka mwavuli ukaanguka. "Hii mashine yako ina umbea kuliko mimi."

Kadi za Kisegi zikawa safi. Hapo ndipo Javan akatokea kukagua, akakuta kidirisha kiko wazi, uso ukamkunjamana.

"Nani amekupa neno la siri?"

"Hakuna, afisa. Sijaweka kitu ndani. Tazama." Akalifunga, akalifungua tena.

Javan akatazama, akitafuna kifuniko cha flashi. "Hii inaweza kuwa na virusi. Nipe nikaikague ofisini." Akainama, akaikunja suruali, akaitoa flashi ndani ya soksi. Ilikuwa na joto. Linet aliliona jasho juu yake, na nywele za mkononi zikamsimama. Javan akaichomeka kwenye ile kompyuta iliyokuwa imepanguswa asubuhi, akanakili, akairudisha soksini, akaaga.

Linet alipangusa tundu la flashi kwa spiriti, akanawa mikono, akanawa tena. Alidhani kinyaa kimeishia hapo. Maskini.

Kimya kikapita, miezi. Halafu mradi ukawaita makarani na wauguzi wa kaunti zote mbili kwenye warsha, katika ukumbi wa hoteli moja mjini Migori. Linet akaenda na gauni lake la kanisani. Akala sambusa mbili za chai ya saa nne, akaketi safu ya nyuma. Mbele alikaa Mama Jedidah, mkuu wa mradi, mwanamke mnene mtulivu aliyekuwa akisikiliza zaidi kuliko kusema. Javan akachukua kipaza sauti. Ukutani palimulikwa picha kubwa ya kioo cha kompyuta yake.

"Leo nawaonyesha mfumo wangu," akasema. "Haujawekwa ndani ya kompyuta. Hauhitaji chochote. Ni faili moja tu. Nimeumia nao usiku na mchana."

Linet akalitambua faili lake. Javan akalibofya. Kompyuta ikanung'unika palepale ukutani, kwa herufi kubwa, kwamba mtengenezaji hajulikani.

"Msijali," Javan akacheka kwenye kipaza sauti. "Mtengenezaji anajulikana. Si ndiye huyu amesimama mbele yenu?"

Ukumbi ukacheka naye. Mtu akapiga makofi. Linet akainuka nusu, akaketi tena. Aseme nini? Jina lake halikuwa ndani ya kile kidirisha, hakuwahi kufikiria kuliweka. Na kazi yake ilikuwa mikononi mwa mradi huohuo. Alibaki akimtazama Javan akilamba kidole na kukipitisha juu ya mashine, akafikiri: huyu mtu amelamba mpaka jasho langu.

"Tumeanza na Homa Bay, sasa tumefika hadi Ntimaru, Kuria Mashariki," Javan aliendelea. "Ntimaru peke yake, mfumo umeondoa wagonjwa hewa chungu nzima. Watu waliojiandikisha mara mbili. Tazameni wenyewe."

Akafungua orodha. Majina ya wagonjwa wa Ntimaru, na magonjwa yao, yakatandazwa ukutani mbele ya watu wanaokula karanga. Linet alitazama chini. Uvundo wa jambo lile aliusikia kama kitu kilichooza chini ya kiti.

Kisha Javan akafungua jozi moja kuonyesha jinsi kazi inavyokwenda, na ule mstari ukajitokeza, mkubwa kama tangazo la duka: *Kama huna hakika, muulize Phelesia.*

Mkono ukainuka. Alikuwa Nchagwa, muuguzi wa zahanati ya Ntimaru, mtu mrefu mwembamba aliyekuwa akiandika tangu asubuhi. "Samahani, afisa. Huyu Phelesia ni nani? Karani wetu Gisiri amemtafuta sana."

Javan akatazama ukuta kama anayeuona kwa mara ya kwanza. Nadhani ndiyo ilikuwa mara ya kwanza. Kulifungua faili ndani hakuweza, kulisoma kwa nje hakutaka. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

"Phelesia ni... ni jina la ofisi yangu. Dawati la msaada."

"Ahaa," akasema Nchagwa. "Ndiyo maana Gisiri alipopiga simu ulimwambia kwamba Phelesia ndiye wewe."

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Hata Mama Jedidah alijifuta jicho. Linet peke yake hakucheka, kwa sababu alikuwa ameanza kuelewa, na kile alichokielewa kilimtia baridi. Kama Phelesia ni Javan, basi maswali ya Ntimaru yalikuwa yakijibiwa na mtu asiyemjua mgonjwa hata mmoja wa huko.

"Na Gisiri alipouliza, ulimjibu nini?" Sauti ilikuwa yake mwenyewe. Hakujua amesimama saa ngapi.

Javan akakunja uso kumtafuta aliyesema. "Nilimwambia abonyeze Ndiyo. Kadi mbili zikifanana jina, baba, mwaka na kijiji, mtakaa mkiuliza nini? Ndiyo, ndiyo, twende kazi."

Nchagwa hakuwa akicheka tena. Alikuwa ameusogelea ukuta, kidole chake kikishuka na majina. Kikasimama.

"Boke Chacha na Boke Chacha," akasoma polepole. "Mtu mmoja. Zimeunganishwa." Akageuka. "Hawa si mtu mmoja. Hawa ni watoto wa ndugu wawili! Kwetu majina yanarudi. Bibi aliitwa Boke, basi kila mwana anampa binti yake jina la mama, na kwenye jina la baba wote huandikisha la babu, Chacha. Nikienda boma hilo nikaita Boke, wanaitika hata wa jikoni."

Linet aliishika meza. Kwao mtu mmoja ana majina mengi, ndiyo shida aliyoiandikia programu. Kwa akina Nchagwa jina moja lina watu wengi. Swali lilelile, likiulizwa Ntimaru kwa kipimo cha Kisegi, karibu kila jozi ingefanana. Lilihitaji mtu wa Ntimaru wa kulijibu, na aliyelijibu alikuwa amekaa Homa Bay na mdomo umejaa samaki.

"Kadi ipi imebaki?" Linet akauliza.

"Ya yule mzima," Nchagwa akasema. "Yule mwingine, wa boma la chini, penisilini inamfunga pumzi. Niliandika mimi mwenyewe kwa wino mwekundu kabla ya hizi kompyuta. Na yeye ndiye mwenye kidonda cha mguu." Akaitazama saa ya ukutani. "Leo ni siku yake. Anakuja kuanzishiwa sindano hiyohiyo. Mimi niko hapa. Aliyeshika zamu ni muuguzi mgeni, hajui mtu hata mmoja, na Kikuria hajui."

Karanga zikaacha kutafunwa. Nchagwa akawa tayari anabonyeza simu.

Hapo Javan akakiinua kipaza sauti. Sikiliza vizuri alichosema, kwa sababu Linet mpaka leo akikisimulia hugeuza uso.

"Ningependa ieleweke," akasema Javan, "kwamba programu hii si yangu. Iliandikwa na dada Linet wa Kisegi. Mimi niliisambaza kwa nia njema. Kama kuna makosa ndani, ni yake."

Loo! Jina lililokuwa halijulikani dakika chache zilizopita sasa limejulikana, na ukoo wake na ufuo wake. Wakati wa makofi alikuwa hewa, wakati wa matanga ndiye mwenye boma. Ukumbi mzima ukageuka kumtazama. Mama Jedidah akauliza kwa upole, "Linet, ni kweli?"

Angeweza kukana. Nani angemlaumu? Faili lenyewe halikuwa na jina.

"Ni yangu," akasema Linet. "Kila neno. Nchagwa, weka simu kwenye spika."

Simu iliita. Iliita tena. Kisha sauti ya Gisiri, karani kijana wa Ntimaru, ikatoka na kelele za watoto nyuma yake. "Daktari, shikamoo."

"Boke wa mguu amefika?"

"Yuko ndani, na yule daktari mgeni. Anavuta dawa."

"Msimamishe! Ile sindano itamuua!"

"Lakini daktari, kompyuta inasema hana shida na..."

"Achana na kompyuta!" Linet alipiga kelele, na makarani waliokaa karibu wakashtuka. "Mimi ndiye niliyeiandika. Achana nayo! Kimbia ukamuulize Boke mwenyewe!"

Wakasikia kiti kikianguka. Wakasikia ndala za Gisiri zikipiga sakafu, mlango, sauti ya mwanamume ikiuliza kuna nini. Kisha Gisiri akaongea Kikuria, haraka haraka, na sauti ya mwanamke ikamjibu, polepole, bila hofu yoyote, kama mtu anayeulizwa njia. Nchagwa alifumba macho akisikiliza. Alipoyafumbua yalikuwa na maji.

"Hajachomwa," akasema. "Anasema sindano hiyo ilimkaba koo alipojifungua mtoto wake wa kwanza. Amemwona daktari akiivuta, akanyamaza." Akaishusha simu. "Anasema alijua wanajua. Si iliandikwa?"

Linet akakaa. *Si iliandikwa?* Iliandikwa, mama. Ikafutwa na kidole kilicholambwa.

Na kabla hajavuta pumzi, kipaza sauti kikakohoa tena. "Kama mnavyoona, ndugu zangu," Javan akasema, meno yote nje, "mfumo wetu umeokoa maisha."

Mfumo *wetu*! Na kuna watu, naapa, walipiga makofi. Linet aliinuka, akatembea kwa heshima mpaka nje, akashika ukuta karibu na maua ya hoteli, akatapika sambusa zote mbili na chai. Nchagwa alimfuata na chupa ya maji. Haikuwa imefunguliwa, akaipokea kwa shukrani.

"Kadi zao zimepotea, dada?"

"Hazijapotea. Kabla ya kuunganisha chochote, programu inaweka nakala ya zamani pembeni. Javan hajui, hajawahi kuuliza." Akasukutua mdomo, akatema. "Nipe Gisiri kwa simu."

Alimwelekeza Gisiri palepale, ameketi juu ya matofali ya bustani, wapi pa kufungua na nini cha kurudisha. Kabla ya chakula cha mchana Boke wa boma la chini alikuwa na kadi yake tena, na wino wake mwekundu.

Mama Jedidah alitoa amri mbili jioni ile. Mfumo usimame mpaka Linet aurekebishe. Ukishakuwa tayari, usambazwe kila zahanati na afisa wa kompyuta, kwa kuwa ndiyo kazi yake. Linet aliisikia hiyo ya pili akajiuliza. Basi mtu huyu hata aoze vipi atabaki na kiti chake? Alibaki nacho. Ndivyo viti vilivyo.

Linet akaenda Ntimaru. Akaketi na Nchagwa na Gisiri, wakamfundisha majina yanavyorudi, nani humpa nani, na kwamba ukitaka kumtenga Boke mmoja na mwingine umuulize mama yake ni wa ukoo upi, si baba yake. Alikunywa uji nyumbani kwa Boke wa boma la chini, kwa kibuyu kilichozunguka mkononi mwa watu wote, akakipokea kwa mikono miwili, akanywa mpaka chini. Akashangaa mwenyewe kwamba hakusikia kinyaa hata kidogo.

Aliporudi Kisegi akaiandika upya, akamfunga mkalimani wake tena, kila kitu ndani ya faili moja lisilofunguka kwa mtu asiyejua. Siku aliyomaliza, Phelesia alisimama nyuma yake akasoma mstari mpya wa chini ya swali, akalia kwa kicheko, akaketi.

Javan akaja kulichukua. Hakuomba radhi. Alikunja suruali, akatoa flashi, akaiweka mezani ikiwa na joto lake.

"Ile maneno ya Phelesia umetoa? Ilinitia aibu sana."

"Nimeyatoa, afisa."

"Vizuri. Hii sasa ni safi?"

"Fungua usome."

"Nisome nini? Nina zahanati nyingi za kuzunguka." Akanakili, akalamba kidole, akaenda zake.

Alizunguka kweli, mtu wa watu. Magunga, visiwani, mpaka wa Tanzania, zahanati kwa zahanati, akichomeka kwa mkono wake mwenyewe, akisema kwa kila karani kwamba ameuboresha mfumo wake.

Linet alikuwa akipangusa kibodi simu ilipoita. Ilikuwa Ntimaru, na nyuma ya sauti ya Gisiri palikuwa na kicheko kikubwa cha watu wengi waliojaribu kukizuia wakashindwa.

"Dada Linet, amekuja," Gisiri alinong'ona. "Amekusanya zahanati zote za huku. Ameifungua yeye mwenyewe, kwa ukuta. Bado hajageuka kuangalia. Anauliza tunacheka nini."

"Imeandikwaje huko, inasomeka vizuri?"

Gisiri alikohoa, akajikaza, akasoma kama anayesoma somo kanisani: "*Kama huna hakika, muulize mgonjwa mwenyewe. Usimuulize Javan.*"